Mnapenda malkia mpaka apate mimba

Wasee, kila dame mnamwita malkia kwa komenti. Poa. Wacha niwaambie malkia halisi alifanyiwa nini, hapa tu jirani, Buganda.

Irene Drusilla Namaganda aliolewa na Kabaka Daudi Chwa mwaka wa 1914. Harusi ya kanisa, mke mmoja, kiapo mbele ya Mungu. Kiapo chenyewe Kabaka alikishika vile alitaka: alizaa na wanawake wengi, na kiti chake hakikutikisika. Akafa Novemba 1939. Kijana wao Mutesa, miaka 15 tu, akawa Kabaka, na Irene akawa Namasole, yaani mama wa mfalme. Mila ilisema Namasole haolewi tena. Basi, maisha yake yalikuwa yameisha hapo.

Mwaka wa 1941 akapata mimba. Jamaa ni Kigozi, mwalimu wa shule. Mama hakutaka mchezo wa kujificha, alitaka kuolewa. Askofu akakubali, harusi ikafanyika, Buganda ikawaka. Irene akapokonywa cheo. Katikiro Martin Luther Nsibirwa, aliyeunga mkono ndoa hiyo, akalazimika kujiuzulu. Alirudi baadaye akauawa 1945, lakini hiyo ni stori ya ardhi, siku nyingine.

Na msiniambie eti ilikuwa mila peke yake. Wengi walikuwa na hasira zao za zamani na Nsibirwa, wakimwona yuko karibu sana na Waingereza. Tumbo la mjane likawapa sababu.

Mtasema kiti cha Namasole kina miiko. Sawa. Na kile kiapo cha 1914 hakikuwa mwiko? Ama miiko ni ya wenye matumbo yanayoonekana?

Hapa Kambi Muru hatuna Kabaka, lakini mabaraza tunayo, yanakaa kwa kibanda cha chai. Kuna mama wa ploti yetu, mjane mwaka wa nne sasa, anaolewa Jumamosi. Juzi mzee mmoja akasema ati anamdharau marehemu. Huyo mzee ana bibi wawili, na mwingine Kawangware anayedhani hatumjui! Tukacheka chai ikamwagika, lakini hakuna aliyemjibu. Hata mimi.

Mama ameniomba nimpigie video ya harusi. Napiga bure. Akisema niposti, naposti.