Muuaji Kapatikana, Penzi Je?

Jamani, kuna riwaya imenikera! Mwandishi namstahi, simtaji. Dada mmoja anampenda jamaa mwenye simu mbili na safari zisizoelezeka, na mjini watu wanauawa. Kitabu nilikinunua Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya, na hadi basi linaingia Njombe, kilometa kama 60 tu, nilishameza nusu nzima.

Sasa sikia mwisho. Muuaji ni mtu tusiyewahi kumwona, kaletwa kurasa tatu za mwisho. Jamaa anasafishwa, harusi inapigwa. Dada haulizi hata mara moja, "Kwa nini ulinidanganya miezi yote ile?"

Hapo ndipo nilipochoka. Siri ya simu ya pili ndiyo iliyokuwa inaniamsha usiku, na baridi ya Njombe mnaijua. Polisi wamepata jibu lao. Mwanamke hakupewa lake. Marehemu Ben Mtobwa, aliyefariki 2008, alimpa Joram Kiango mpenzi anayeitwa Nuru, na katika Tutarudi na Roho Zetu? bibie anaingia naye hatarini. Hasubiri kusimuliwa.

Mume wangu anasema nadai mno, mradi wameoana. Nikamwuliza, "Wewe mimi nikiwa na simu ya pili?" Akacheka, lakini kicheko chenyewe kifupi.

Kitabu ninacho. Mwenye Kufa na Kupona ya Elvis Musiba tubadilishane, hata kama haina jalada.