Neno Moja, Hukumu Mbalimbali



Wasomaji wetu watukufu, juma hili twalitazama neno moja la Kiingereza ambalo haliishi kuingia majumbani mwetu kwa njia ya makaratasi, nalo ni "interest". Mtoto wa shule akiulizwa maana yake hujibu upesi kuwa ni hamu, au kupendezwa na jambo. Hakukosea. Lakini neno hili lina sura nyingine, na kila sura ina hukumu yake.

Asili yake ni Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, na maana yake ya mwanzo ni kuwa baina, kisha kuhusika. Katika kuhusika huko zikazaliwa maana nyingi. Kwenye karatasi za mkopo neno hili ni riba, ambayo Mwenyezi Mungu ameiharamisha katika Suratul Baqara, aya ya 275, akaihalalisha biashara. Kwenye Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 53, ni maslahi: maslahi bora ya mtoto hutangulizwa katika kila jambo linalomhusu. Na kwenye karatasi za ardhi ni haki ya mtu katika mali.

Hapa ndipo mama na dada zetu wapaswapo kufungua macho. Tuseme mzazi amefariki, na binti analetewa karatasi ya Kiingereza isemayo kwamba yeye hana "interest" katika kiwanja cha marehemu. Akimwita mwanawe amsomee, ataambiwa: "Mama, wasema huna hamu nacho." Naye kwa haya, na kwa kuchelea ugomvi na nduguze, ataliona jambo dogo, atie sahihi. Kumbe amekiri kwamba hana haki, ilhali fungu lake limetajwa katika Suratun Nisaa, aya ya 7 na ya 11. Kusamehe fungu si vibaya, maadamu mwenyewe asamehe kwa ridhaa na kwa kujua.

Liko pia kosa la upande wa pili. Mwingine hulisikia neno hilo akadhani kila mahali ni riba, akaikimbia karatasi iliyomwandikia haki yake.

Basi twausia hivi: yatazameni maneno yaliyo jirani nalo. Likiandamana na mkopo, asilimia na miezi ya kulipa, mara nyingi ni riba. Likiandamana na kiwanja, nyumba au jina la marehemu, huenda ni haki yako inayozungumzwa. Penye shaka, sahihi na isubiri. Karatasi ipelekwe kwa wakili, au kwa mtu mwaminifu ajuaye sheria, isomwe yote na ifafanuliwe kwa Kiswahili. Mwenye nia njema hatakasirika kungojeshwa siku mbili. Na akikasirika, hiyo pia ni sababu ya kuisoma tena.

Wabillahi tawfiq.