UDONGO WA TABORA SI AIBU

Huko Kwihara, karibu na mji wa Tabora, lipo tembe alimokaa Daktari Livingstone mwaka 1872. Misafara iliyopita njia ya Bagamoyo hadi Ujiji ilizijua vema nyumba za namna hiyo, kwani kuta zake nene za udongo huzuia joto la mchana. Lakini adui wa kuta hizo twamjua sote: ni mvua. Ukuta usiokingwa hulowa, huliwa chini, na mwisho huanguka.

Ndipo wengi wakauhesabu udongo kuwa alama ya umaskini. Mwaka 1977, akipima miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliwalaumu wanaongoja saruji na bati, na kuacha matofali na vigae vya kuchoma ambavyo wananchi waweza kujitengenezea. Lawama hiyo ingali yatuhusu.

Wakati sisi twaukimbia udongo, wenye fedha wameurudia. Mjini Paris, nyumba za rue de Meaux alizozichora Renzo Piano, zilizokamilika mwaka 1991, zimevikwa vigae vya udongo nje. Siku hizi vibao vya namna hiyo huchomwa kiwandani, kisha hutundikwa kwenye reli za alumini mbele ya ukuta, na nyuma yake huachwa nafasi. Kibao hupokea mvua. Maji yanayopenya huteremka ndani ya nafasi hiyo na kutoka chini. Hewa ipitayo hukausha unyevu. Ukuta wenyewe haulowi, na kibao kikivunjika hubadilishwa peke yake.

Hatusemi vibao hivyo viagizwe ng'ambo. Kununua udongo kwa fedha za kigeni ni dhihaka. Twasema kanuni yake ichukuliwe: ukuta ubebe nyumba, na ngozi nyembamba ipokee mvua.

Kanuni hiyo yatufaa hasa kwa sababu ya misitu. Miombo ya Tabora tayari yabeba mzigo wa kukausha tumbaku. Tukichoma kila tofali la kila nyumba kwa magogo, tutapata kuta na kupoteza mvua yenyewe. Basi ukuta mnene ujengwe kwa matofali ya kufungamana, yanayoshindiliwa kwa mashine bila kuchomwa. Kigae chembamba cha nje tu ndicho kipite tanuruni, nalo tanuru litumie pumba za mpunga wa Igunga na Nzega.

Hapana budi jambo hili lijaribiwe kabla ya kusifiwa. Halmashauri zinazojenga shule na nyumba za walimu zitoe ukuta mmoja, vyuo vya ufundi vitoe vijana, na ukuta huo utazamwe masika yote. Ukisimama mkavu, kazi ya kufinyanga na kuchoma vigae ipewe vyama vya ushirika vya mafundi wa hapa hapa, ili ujira ubaki Tabora pamoja na udongo wake.