Pango Moja kwa Safari Nyingi

Mwaka 2009 kampuni ya BioWare ya Edmonton, Kanada, ilitoa mchezo wa kompyuta uitwao Dragon Age: Origins, ambamo mchezaji huigiza shujaa katika nchi ya kubuni yenye majoka na wachawi. Ulikuwa na mianzo sita: mhusika aliyezaliwa fukara hakuianza safari pale alipoanzia mwana wa kabaila. Matayarisho yake yalichukua miaka mingi. Mchezo wa pili, Dragon Age II, ulitoka Machi 2011, miezi kumi na sita tu baadaye.

Haraka hiyo yaonekana. Pango lile lile hutembelewa tena na tena kwa majina mbalimbali. Njia hii imezibwa kwa jiwe, ile imefunguliwa, ilhali ramani ndogo iliyo pembeni mwa kioo huonyesha pango zima! Kutumia kazi ya awali mara ya pili si kosa. Ndiyo desturi ya watunga programu wote, na bila hiyo programu kubwa zisingekamilika. Kosa ni kumwambia mchezaji kuwa amefika mahali papya huku macho yake yakikanusha. Aidha, hadithi yenyewe huchukua takriban miaka kumi katika mji wa Kirkwall, lakini mitaa ya mji huo haibadiliki ipasavyo.

Wahusika wake, ni haki kusema, wametungwa kwa ustadi, na mazungumzo yao yana uhai. Ndiyo maana upungufu wa mandhari unasikitisha zaidi. Mchezo wa tatu ulitolewa mwaka 2014, baada ya zaidi ya miaka mitatu, ukiwa na misitu na majangwa mapana.