Anayehesabu Konokono Naye Yuko Kazini

Ukishuka ufuo wa Dunga, kwenye Ziwa Victoria, asubuhi utawaona wavuvi wakitua, akina mama wakiwangoja na beseni zao, na pengine, kule penye mafunjo, kijana mwenye mabuti ya mpira akichota matope kwa chekecheo lenye mpini mrefu. Watoto humcheka. Ni mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika biolojia, naye anatafuta konokono.

Konokono hao si wa mchezo, maana ndani yao hukulia vimelea vya kichocho. Akiwafikisha maabara humtia kila mmoja katika kichupa cha maji safi, akaviacha vichupa mwangani kwa muda wa saa mbili au zaidi. Kisha huinamia hadubini kutazama kama wametoka vijidudu vyenye mkia uliogawanyika panda. Mara nyingi hapati kitu. Huandika sufuri, tena sufuri. Hizo nazo lazima ziandikwe, la sivyo hatutajua ufuo upi una hatari na upi una nafuu.

Nyumbani huulizwa atasoma mpaka lini, ilhali wenzake wamekwisha jenga. (Na mtoto wa jirani akishikwa na homa, huyo huyo huitwa aje atibu!) Wapo pia wanaosema kwamba nchi yenye njaa haina fedha za kumlipa mtu ahesabu konokono. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, lakini ziwa lenyewe limekwisha ijibu.

Mbuta, yule samaki mkubwa anayekula samaki wenzake, aliletwa ziwani katika miaka ya 1950. Kufikia miaka ya 1980 fulu, wale samaki wadogo wa rangi nyingi, walikuwa wakitoweka, na aina nyingi zilikwenda kabla mtaalamu yeyote hajazipa jina. Hatuwezi hata kuorodhesha kikamilifu tulichopoteza, kwa sababu wahesabuji walikuwa wachache mno, nao walichelewa. Simlaani mbuta, amesomesha watoto wengi wa ufuo huu, labda hata huyu mwenye mabuti. Ninalosema ni kwamba uamuzi wa kumleta ulipitishwa gizani, na hasara yake haina fidia.

Marehemu Profesa Thomas Odhiambo aliliona mapema hitaji hili la wahesabuji. Mwaka 1970 alianzisha kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, ambacho tawi lake la Mbita, hapa hapa ziwani, linaitwa kwa jina lake. Mwaka 1983 kituo hicho kilianza mpango wa kuwafunza Waafrika uzamivu wa sayansi ya wadudu. Mwaka 2020 watafiti wa icipe walitangaza kwamba mbu wa Kenya, wakiwemo wa mwambao huu, wamo wanaobeba kijidudu kinachozuia vimelea vya malaria. Ugunduzi kama huo hutokana na watu waliowapasua mbu mmoja mmoja, siku nenda siku rudi.

Basi anayeifanya kazi hiyo apewe haki ya mfanyakazi. Msimamizi anayekalia sura ya tasnifu miezi na miezi ajue kwamba anamla kijana umri wake. Posho ije kwa wakati, kwani mwenye mashua anayemvusha hakubali kulipwa ahadi.

Nawe mwanafunzi, sikia. Kuna mwezi upepo utalisukuma gugu maji mpaka lizibe ghuba, nawe hutafika mahali pako pa kuchota konokono. Utashawishika kulijaza pengo katika jedwali kwa nambari ya kukisia. Liache wazi, ueleze sababu. Na ukishavaa joho usiwahame watu wa ufuoni: waeleze kwa Dholuo, lugha yao, ulichokiona kwenye maji wanayoogea watoto wao, kabla hawajakisikia kwa mgeni. Kaunti nayo, inapopanga kugawa dawa za kichocho shuleni, imwite kijana huyu kikaoni na madaftari yake, tena imlipe nauli.