Ilimu ya Tabibu Katika Riwaya ya Mauaji

Wale wanaoilaumu The Surgeon, riwaya aliyoitoa Tess Gerritsen mwaka 2001, kwa hoja kwamba habari za hospitali zinauchelewesha msako wa muuaji, nadhani wameikosa siri hasa inayoipa hadithi ile uzito wake. Kwani mtungaji huyu, ambaye mwenyewe alisomea utabibu na kuufanyia kazi, ametudhihirishia kwamba ilimu ile ile ya kuupasua mwili ili uponywe, ikiangukia mikononi mwa mtu aliyetokwa na rehema, hugeuka kuwa silaha. Muuaji wake huwaingilia wanawake wa mji wa Boston majumbani mwao usiku, akawatoa mfuko wa uzazi kwa ustadi wa kutisha. Na Daktari Catherine Cordell, aliyepata kunusurika na shambulio la namna hiyo huko Savannah, kila siku husimama mbele ya majeruhi akiziokoa roho za wengine, ilhali yake mwenyewe haina sakina. Pasingekuwa na kurasa zile za damu na sindano, tungeyajuaje mateso yake?

Naye Jane Rizzoli, mpelelezi mwanamke peke yake katika kikosi cha polisi kinachomsaka muuaji huyo (dharau anazozistahimili kwa wenziwe zilinitia uchungu), si mpelelezi mtulivu kama Bwana Msa wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, mwenye kiko na fikra zisizo haraka. Ana hasira, na hukosea.

Basi msomaji, tafadhali usiziruke kurasa za hospitali.