KANUNI MOJA, MAHALI PAMOJA

Natoa maoni yangu juu ya tabia inayozidi kuenea katika chama chetu cha kompyuta, nayo ni kunakili fanksheni moja katika kila faili.

Kwa wasiojua, fanksheni ni fungu la maagizo lenye jina, ambalo programu huliita kila linapohitajika. Tunaandika kwa lugha ya C++, ambayo Bjarne Stroustrup, mtu wa Denmark, alianza kuitengeneza mwaka 1979. Programu yetu ya kupanga gredi ina mafaili kadhaa: moja huchapa orodha ya darasa, jingine ripoti ya mzazi. Kompyuta za chama ni za Windows, na kompaila yetu ni MinGW. Hiyo hutafsiri kila faili peke yake, bila kujua yaliyomo katika mengine. Kisha kiunganishi huyaunga yote yawe programu moja.

Sasa tazameni hatari. Katika matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2014, C ilianzia alama 40. Leo yaanzia 45. Ikiwa mtu atarekebisha kanuni katika faili la orodha na kusahau la ripoti, mwanafunzi mwenye 42 atapata D ubaoni, na C katika barua iendayo kwa baba yake Ukerewe. Nani atamwamini tena? Hata pale mwaloni Kirumba, mizani mbili zisipolingana, ugomvi hauchelewi.

Dawa ni faili la heda. Humo kanuni huandikwa mara moja tu, na kila faili huiomba kwa agizo la #include. Wako wasemao, “Tulijaribu, kiunganishi kikakataa.” Ni kweli. Agizo hilo huiweka nakala ya heda ndani ya kila faili, basi kiunganishi hukuta fanksheni mbili zenye jina moja, na fahali wawili hawakai zizi moja. Wengine hudhani #pragma once itaponya. La, hiyo huzuia heda kuingia mara mbili katika faili moja. Haizuii kuingia katika mafaili mawili.

Kinachotakiwa ni neno inline mbele ya fanksheni. Wengi hudhani ni neno la kuongeza kasi tu. Katika C++ lina kazi iliyo kubwa zaidi: huruhusu fanksheni ileile ionekane katika mafaili mengi, kwa sharti kwamba maandishi yake yawe sawasawa kabisa. Yakitofautiana, kompaila haikulazimishwa kutuonya, na kwa kawaida kiunganishi huchukua moja kimyakimya. Ndiyo sababu nasema fanksheni ya namna hiyo ikae ndani ya heda, isinakiliwe kwa mkono.

Hata hivyo tusipite kiasi. Wako waliopendezwa na heda hata wakatia programu nzima humo. Lakini kila heda inapoguswa, mafaili yote yanayoiomba sharti yatafsiriwe upya, na kompyuta zetu ni kuukuu, na wanaongoja zamu ni wengi. Fanksheni fupi, kama ya kugeuza alama kuwa gredi, ikae katika heda. Ndefu, kama ya kuchapa ripoti, itangazwe tu katika heda, na mwili wake uwekwe katika faili lake.

Nawaomba viongozi wa chama waweke heda moja ya kanuni za gredi kabla ya muhula kwisha. Sisi wa kidato cha nne tu karibu kuondoka, na ndugu zetu wa kidato cha tatu watairithi programu hii. Alama za mwanafunzi ni jasho lake. Haifai zibadilike kwa sababu tu ya faili zilimosomwa.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne